Mapenzi Hayatoshi: Kumhudumia Mzee ni Fani Yenye Kusomewa

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kabla hatujaingia katika maudhui yetu ya mwezi huu, tunaona ni wajibu tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita mwalimu wetu mmoja, mzee aliyetusomesha tangu juzuu ya Amma mpaka tukaweza kusafiri kwenda kusoma, alipatwa na kiharusi kikampooza upande wa kulia. Watoto wake wako mbali. Sisi wanafunzi wake tukapanga zamu za usiku na mchana. Hapakukosekana mtu wa kukaa naye, hapakukosekana chakula, wala hapakukosekana dua. Tulimnunulia godoro jipya, tukamlaza chali, tukamwacha apumzike. Tulimlisha uji akiwa amelala ili tusimsumbue kwa kumkalisha. Akikohoa, tulimpa maji. Tukitaka kumwinua, tulimvuta kwa mkono wake uliopooza, kwa sababu ndio uliokuwa upande wetu. Yote hayo tuliyafanya kwa mapenzi.

Wiki ya tatu tukasikia harufu. Tulipomgeuza tukakuta kidonda chini ya mgongo wake. Kwa juu kilikuwa kidogo, lakini ndani kilikuwa kimechimba. Sisi tunaowafundisha watoto milango ya tohara tulikuwa tumekaa na mzee wetu siku ishirini bila kuutazama mgongo wake.

Wakati huo dada mmoja wa mji wetu alikuwa amekuja likizo kutoka Marekani, ambako anafanya kazi ya msaidizi wa muuguzi katika makao ya wazee. Tulimwomba ushauri. Kwa kuwa mzee si maharimu wake, alitaka afunikwe vizuri, kisha akasimama upande wa kichwani na kutuelekeza kwa maneno, mito mikononi. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mashekhe, mnamgeuza kila baada ya muda gani?" Tukatazamana. Akauliza tena: "Ni nani kati yenu aliyefundishwa kazi hii?" Mmoja wetu akamjibu: "Dada, huyu ni baba yetu. Hivi mtu hufundishwa kumpenda babake?" Akasema kwa upole: "Maalim, sikuuliza kumpenda. Nimeuliza kumgeuza."

Kidonda kile kilichukua miezi minne kufunga, baada ya muuguzi kuja kukisafisha kila siku. Mzee alitusamehe kabla hatujamwomba. Sasa ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini sisi tumebaki na swali la dada yule, na ndilo tunaloliweka mbele ya wasomaji wetu leo: je, anayemhudumia mzee asiyejiweza anatosha kuwa na huruma, au anapaswa pia kuwa na ujuzi uliofundishwa na kupimwa?

SAA 75 ZA MAREKANI

Tulimuuliza dada yetu yeye alijifunza wapi. Akatueleza kuwa huko hakuruhusiwa kuifanya kazi hiyo mpaka asome na atahiniwe. Tulipofuatilia tukakuta habari yenye mazingatio.

Katika miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na malalamiko mengi juu ya makao ya wazee: wazee waliofungwa kwenye viti, walioachwa katika uchafu, waliojaa vidonda. Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo ilitoa ripoti juu ya hali hiyo, na mwaka 1987 Bunge lao likapitisha sheria ya kuyarekebisha makao hayo. Sheria ile inayabana makao yanayopokea fedha za mipango miwili ya serikali, Medicare na Medicaid, nayo ndiyo karibu yote. Miongoni mwa masharti yake ni kwamba msaidizi wa muuguzi apate mafunzo yasiyopungua saa 75, na angalau saa 16 kati ya hizo ziwe za vitendo chini ya usimamizi. Kabla hajamgusa mzee yeyote, awe amekwisha kufundishwa saa 16 juu ya mambo ya msingi: namna ya kuzungumza na mzee, kujikinga na maambukizi, kumwokoa aliyepaliwa, kumwacha mzee ajifanyie mwenyewe anachokiweza, na kuheshimu haki zake.

Kisha unakuja mtihani. Una sehemu ya maswali, ambayo mtu anaweza kuijibu kwa maandishi au kwa mdomo, na una sehemu ya vitendo. Msimamizi humtajia vitendo vilivyochaguliwa bila yeye kuvijua mapema, naye huvifanya mbele ya macho yake: nawa mikono, mgeuze mgonjwa, mvishe nguo, mlishe, mhamishe kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Akifaulu, jina lake huandikwa katika daftari la jimbo. Akithibitika kumdhulumu au kumtelekeza mzee, hilo nalo huandikwa humo humo, na kila mwenye kutaka kumwajiri hulazimika kulitazama daftari. Kila mwaka anatakiwa kupata mafunzo mengine yasiyopungua saa 12. Akikaa miezi 24 mfululizo bila kuifanya kazi hiyo kwa malipo, hurudi kusoma au kutahiniwa upya.

Hatusemi haya kwa kuwasifu watu wa huko, maana wao wenyewe hawajaridhika. Mwaka 2008 Taasisi ile ile ya Tiba ilipendekeza saa 75 ziongezwe hadi 120, kwa kuwa wazee wanaoingia katika makao siku hizi ni wagonjwa zaidi kuliko wa zamani. Baadhi ya majimbo yamekwenda mbele ya sheria ya taifa: California inataka saa 160, na Maine saa 180. Tena ujuzi peke yake hautoshi pale mtu mmoja anapokabidhiwa wazee wengi kupita kiasi. Mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo ilitoa kanuni ya kutaka kila mzee apate angalau saa 2 na dakika 27 za wasaidizi wa wauguzi kwa siku, lakini mwaka 2025 kanuni hiyo ikazuiwa kabla ya kufanya kazi yake. Ujira wao ni mdogo, migongo yao huumia, na wengi huiacha kazi mapema.

Pamoja na kasoro zote hizo, msingi mmoja umesimama: mwili wa mzee haukabidhiwi mkono usiojua. Tuseme kweli, ndugu zetu. Saa 75 hazifiki wiki mbili za kazi. Sisi hatumpi mwanafunzi ruhusa ya kusomesha alifu kwa ujiti kwa wiki mbili za mafunzo. Lakini tunamkabidhi mama yetu mzazi, aliyepooza na asiyeweza kusema, kwa binti aliyeshuka jana kutoka shamba, ambaye hakufundishwa hata saa moja.

HAYA SI MAGENI KWETU

Huenda msomaji akasema kuwa mitihani na madaftari ni mambo ya Wazungu. Hapana. Wanahistoria wetu wameeleza kuwa mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mtu mmoja alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa Al-Muqtadir akaamuru asifanye utabibu yeyote mpaka atahiniwe na tabibu mkuu, Sinan bin Thabit. Waliotahiniwa, kwa mujibu wa riwaya hizo, walizidi 860. Inasimuliwa pia kuwa alimjia mzee mmoja mwenye haiba nzuri, akakiri kuwa hajui kusoma wala kuandika na kwamba kazi hiyo ndiyo inayolisha watoto wake. Sinan hakumfukuza, bali alimwekea mipaka: asimguse mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asitumie dawa kali.

Katika vitabu vya hisba, kama kile cha Ash-Shayzari cha karne ya 12 Miladia, utamkuta muhtasibu akimkagua mwoka mikate na mpiga chuku, na akimtahini mganga wa macho kabla hajaachiwa macho ya watu. Na katika Bimaristani ya Sultani Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284, waliwekwa wahudumu wanaume kwa wagonjwa wanaume na wahudumu wanawake kwa wagonjwa wanawake. Na mafakihi wetu wamekubaliana kuwa anayejitia utabibu bila kuujua hubeba dhamana ya madhara anayoyaleta, hata kama nia yake ilikuwa njema. Sisi tulisoma mlango huo wa dhamana tukiwa vijana, tukauhifadhi kwa ajili ya mtihani. Hatukufikiri hata siku moja kuwa siku moja utatuhusu sisi, na mgongo wa mwalimu wetu.

UJUZI WENYEWE NI UPI?

Wapo wanaodhani kuwa kazi hii ni kufua, kupika na kukaa karibu na mgonjwa. Tutaje machache tu aliyotufundisha dada yetu, ili ijulikane kuwa ni fani.

Kwanza, ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kwa ratiba. Tuliambiwa tuanze na kila saa mbili, usiku na mchana, kisha ngozi yenyewe ituambie kama muda huo unatosha. Hutazamwa pale mfupa unapokaribia ngozi: chini ya mgongo, nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu, lakini ngozi nyeusi haioneshi wekundu kwa urahisi. Ni lazima uguse: je, pana joto au ubaridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au pamelegea? Rangi imebadilika? Na palipobadilika hapasuguliwi kwa mafuta kama tulivyokuwa tukifanya, maana kusugua huiumiza nyama iliyokwisha kudhoofika.

Pili, kulisha. Mzee hukalishwa wima, kidevu kikielekea chini kidogo, hupewa kijiko kidogo, na kijiko cha pili hakiji mpaka cha kwanza kimemezwa. Akimaliza kula, hubaki amekaa kiasi cha nusu saa. Aliyepatwa na kiharusi anaweza kumeza vibaya, chakula kikaingia njia ya hewa, akapata homa ya mapafu. Kikohozi tulichokuwa tukikituliza kwa maji kilikuwa onyo, na maji yenyewe yalizidisha hatari. Mzee akikohoa kila anapokula, hupelekwa kwa daktari.

Tatu, kuvisha na kuinua. Aliyepooza upande mmoja huvishwa mkono dhaifu kwanza, na huvuliwa mkono mzima kwanza. Jambo dogo, lakini asiyelijua humtia mzee maumivu kila asubuhi. Kiti cha magurudumu hufungwa breki kabla ya kumhamisha, na hakuna kumvuta kwa mkono uliopooza, kwa kuwa bega lake ni rahisi kuteguka.

Nne, kutambua mabadiliko. Hili linatuhusu sana sisi walimu wa madrasa. Mzee aliyekuwa na akili zake akianza ghafla kusema yasiyoeleweka, au kutowatambua watoto wake, watu husema ni majini, na sisi ndio tunaoitwa kusoma. Hatukatai kusoma. Lakini mara nyingi mabadiliko ya ghafla namna hiyo hutokana na maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, au dawa zisizomfaa. Mhudumu aliyefundishwa hatoi hukumu wala dawa ya kubahatisha. Anachokifanya ni kutambua kuwa leo si kama jana, na kuwahi kumwambia muuguzi au daktari. Mzee wa Baghdad aliwekewa mpaka kama huo. Wazee wengi pia hupunguza kunywa maji kwa kuona haya ya kuomba wapelekwe chooni, na mhudumu mjuzi huyapeleka maji bila kungojea kuombwa.

Tano, sitara. Mzee huoshwa sehemu moja baada ya nyingine, na sehemu isiyooshwa hubaki imefunikwa. Mlango hufungwa. Huambiwa kinachofanywa kabla hakijafanywa, hata kama haongei. Dada yetu alitueleza kuwa katika mtihani wa huko, kusahau kufunga pazia ni kosa lenye kuhesabiwa. Tuliona haya kusikia hivyo, sisi tuliokuwa tukimbadilisha mzee wetu nepi huku watu wakiingia na kutoka kumjulia hali.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Watasema baadhi ya ndugu: "Wao wanawatupa wazee wao katika makao, sisi tunawalea majumbani. Hatuna haja na elimu yao." Tunajibu: kumlea mzazi nyumbani ni fadhila kubwa, na tunamwomba Mwenyezi Mungu asituondolee. Lakini kidonda hakiulizi kama kitanda kiko nyumbani au katika makao. Na tuangalie nyumba zetu zilivyo leo. Watoto wako kazini au ng'ambo, mzee amebaki na msichana wa kazi anayepika, anayefua, anayelea watoto, na juu ya yote hayo anaambiwa amwangalie bibi. Likitokea baya, lawama ni zake. Tunamdhulumu bibi, na tunamdhulumu binti yule pia, kwa kumtwisha amana ambayo hatukumfundisha namna ya kuibeba.

Watasema wengine kuwa hii ni kazi duni, ya kufua nepi. Lakini anayeidharau ataihitaji. Tena katika miji yetu kuna vijana wanaolipa ada kusomea uhudumu wa wagonjwa na wazee kwa matumaini ya kuajiriwa Ulaya, Marekani au Ghuba. Hatuwalaumu, riziki hutafutwa. Tunachosikitikia ni kuwa tumekubali kwamba mzee wa ng'ambo astahiki mhudumu aliyesomea, na babu zao waliobaki kijijini wastahiki yeyote anayepatikana.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwanza, kila jumuiya na kila madrasa yenye uwezo ianzishe darasa la saa 16 kwa wanaohudumia wazee majumbani, wawe watoto wao au watumishi wa kuajiriwa. Baraza ya madrasa inatosha. Wauguzi wastaafu wamo mitaani mwetu, na wengi wao hawajaombwa tu. Wanaume wafundishwe na wanaume, na wanawake na wanawake. Wanaume wasilikwepe darasa hili, maana baba zetu nao watahitaji kuoshwa.

Pili, mwisho wa darasa uwe ni kupimwa kwa vitendo. Asiyejua kusoma apimwe kwa mdomo na kwa mikono yake, wala asinyimwe nafasi ya kurudia.

Tatu, anayeajiriwa kumhudumia mzee aajiriwe kwa kazi hiyo, kwa ujira unaolingana na uzito wake, na apewe usiku wa kulala. Aliyekesha siku tatu hawezi kugeuza mtu kila saa mbili.

Nne, wenye uwezo waweke wakfu wa vitu: vitanda, magodoro maalumu, viti vya magurudumu, nepi za watu wazima, viazimwe na virejeshwe. Tumezoea kuweka wakfu wa misahafu na mikeka. Hili nalo ni mlango wa kheri.

Tano, tunaziomba serikali zetu. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Kenya, katika ibara ya 57 ya Katiba yake ya mwaka 2010, imewapa wazee haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Zanzibar ina nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na mwaka 2016 ilianza kuwalipa pensheni wazee wote waliofikisha miaka 70. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Tunaloomba ni kuwa kila linapotajwa neno matunzo, kitajwe pia kipimo cha ujuzi wa huyo anayetunza, awe katika makao ya serikali au ya watu binafsi.

Ndugu msomaji, aya ya 23 na ya 24 za Suratul Israa tumezisomesha mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na watoto wetu wanazijua kwa moyo. Tulikuwa tukidhani kuwa haki yake inatimia kwa ulimi laini na moyo mnyenyekevu. Kwa mzee wetu tulijifunza kuwa unyenyekevu una mikono pia, na mikono hufundishwa. Basi kabla mwezi huu haujaisha, kila mmoja wetu amwendee mzee aliye karibu naye aulize maswali mawili: ni nani anayemgeuza, na huyo alifundishwa na nani? Akikosa jibu, aanzie hapo.

Wabillahi tawfiq.